Jirani yangu hatoi hela ya LUKU, lakini ndiye aliyenifulia nilipougua

Shikamoo Mamkubwa,

Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Mbagala kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU. Nadhani nikishasema hivyo tu umeshaijua nusu ya barua yangu.

Mimi ndiye ninayenunua umeme. Hakuna aliyenichagua. Aliyekuwa akikusanya alihama mwaka juzi akaniachia daftari, na tangu siku hiyo kila tarehe 1 napita mlango kwa mlango kuomba Sh5,000 za kila chumba. Zikitimia ni Sh30,000. Hazitimii. Huyu atakwambia shika tatu, mbili kesho. Yule eti amelala, na viatu viko mlangoni na redio inaimba. Mwezi uliopita niliongezea Sh8,000 zangu. Lakini umeme ukiisha usiku, nyumba nzima inalijua jina langu. Napanda kwenye kiti cha plastiki koridoni, mtoto wa chumba cha pili ananimulikia kwa tochi ya simu, nabonyeza zile namba 20, nikikosea moja naanza upya. Taa ikiwaka utawasikia huko vyumbani, "Eeeeh!" Wanaushangilia umeme. Mimi nashuka kwenye kiti, naingia ndani. Asante sijawahi kuisikia.

Kati ya wote anayenichosha ni mama wa chumba cha uani. Nimwite Mama Vitumbua, maana ndiyo biashara yake. Yeye hutoa Sh2,000, basi. Si kwamba anaomba apunguziwe, anakataa. "Mimi nina taa moja na simu ya tochi," ndivyo anavyosema, kila mwezi maneno yaleyale, huku anafuta mikono kwenye kanga. Na ndiye huyohuyo anayewasha taa ya uani saa tisa usiku kukaanga vitumbua vyake mpaka kunakucha! Tumeshatupiana maneno mbele ya watu. Siku hiyo akaniita "Mheshimiwa Waziri wa Nishati", jina likashika, mpaka watoto sasa ndilo wanaloniita. Baada ya hapo shikamoo yangu kwake ilibaki ya mdomoni tu.

Mwezi wa nne nikaugua. Malaria. Nilitoka zahanati na dawa mseto zangu, nikajifungia. Naishi peke yangu, ndugu zangu wako Korogwe. Siku ya pili nilitapika hapohapo kitandani, sikuwa na nguvu za kufika mlangoni, sembuse bafuni. Nikasikia mlango unasukumwa. Hodi hakupiga. Mama Vitumbua aliingia, akatazama chumba huku na huku kama mtu anayetafuta pa kupanga, akasema, "Inuka, ukae hapa." Akavuta shuka, akanivua na gauni la kulalia, akatoka navyo. Nilimsikia uani anafua huku anamfukuza kuku. Jioni akaleta uji wa mchele wenye ndimu. Kesho yake tena. Siku ya tatu akaja na kitumbua kimoja, amekikamua mafuta kwenye karatasi ya daftari mpaka karatasi imeng'aa na hesabu za mtoto za upande wa pili zinasomeka. "Kula. Huna hata mate."

Nikamwambia, "Mama, asante sana. Mungu akubariki."

Akanijibu, "Asante ya nini? Ukifa nani atanunua umeme?" Akachukua bakuli lake, akaondoka.

Mamkubwa, nililia. Nilikuwa nalia na kucheka.

Halafu tarehe 1 ikafika. Nikasimama mlangoni kwake na daftari langu, akanipa Sh2,000. Nikaandika, nikasema haya. Jirani wa chumba cha tatu akanisikia, akasema kwa sauti, "Kumbe humu kuna wa kudaiwa na wa kusamehewa!" Nikakosa la kumjibu. Sasa niko hapo katikati. Nikikumbuka lile shuka naona aibu, nikikumbuka zile elfu tatu hasira zinarudi. Na mimi si tajiri, Mamkubwa. Nauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, Sh100 moja. Hicho kifriji ndicho kinachonipa hela ya kuwaongezea watu umeme, nikitoka hapo nina feni tu ya kunilaza kwenye joto hili.

Nimemnunulia doti ya kanga Kariakoo, nyekundu yenye korosho. Kwa kuwahi gari sikulisoma jina. Nafika nyumbani, naikunjua: TENDA WEMA NENDA ZAKO. Nikimpa, atasoma "tenda wema" au atasoma "nenda zako"? Iko juu ya kabati, hii ni wiki ya tatu.

Nimshukuruje mtu asiyetaka asante? Na zile elfu tatu nimdai, au ndiyo nimeshalipwa kwa uji?

Waziri wa Nishati, Mbagala

*

Marahaba, Mheshimiwa. Pole kwa kuugua, na pole na kazi ya daftari.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako kabisa, maana na mimi nimeshakaa nyumba za namna hiyo, Magomeni, zamani za bili ya karatasi, na aliyekuwa akikusanya hela za bili ni mimi. Mara ya pili nilipofika kwenye barafu za ubuyu nikasimama, nikatafuta kalamu.

Tupige hesabu, na usinune. Uniti moja kwa bei ya kawaida ya majumbani ni kama Sh356 ukiweka kodi na tozo zote. Taa ya Mama Vitumbua tuseme ni ya wati 10, hizi za siku hizi. Aiwashe saa sita kila siku: mwezi mzima haifikishi uniti mbili. Hiyo taa ya uani inayokukera, saa tatu kila usiku kuanzia hiyo saa tisa, ni kama uniti moja kwa mwezi. Simu ya tochi hata usiiandike. Jumla, mama huyu anatumia umeme usiofika Sh1,100 kwa mwezi. Anakupa Sh2,000.

Sasa njoo kwako. Kifriji cha kugandisha barafu, kinachofunguliwa na kufungwa mchana kutwa kwenye joto la Mbagala, tukikihurumia kinakula uniti moja kwa siku. Kama ni kuukuu na mpira wa mlango umelegea, kinakula zaidi. Hizo ni uniti 30, zaidi ya Sh10,000. Feni ya wati 60, saa nane kila usiku, ni uniti 14 nyingine, Sh5,000 peke yake. Pasi hukuitaja nami sikuulizi. Tayari tuko Sh15,000 na ushee. Wewe mwezi uliopita ulitoa Sh5,000 zako na Sh8,000 za kuongezea, jumla 13,000, ukaumia moyoni kwamba umewajazia watu umeme.

Unaona tulipofika?

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Usiku mmoja chomoa friji ukienda kulala, mlango usiufungue, barafu hazitayeyuka sana. Andika uniti zilizobaki kwenye mita, asubuhi soma tena. Usiku wa pili liache limechomekwa, fanya hivyohivyo. Tofauti ya usiku na usiku ni kama kile kinacholiwa na friji lako kwa usiku mmoja. Hiyo utaibandika ukutani, maana hakuna mpangaji anayebishana na mita, ingawa nimewahi kumuona mmoja akijaribu.

Yule mama kila mwezi amekuwa akikupa hesabu iliyo kamili kwa maneno matano tu, "nina taa moja na simu", na wewe umekuwa ukiisikia kama ukaidi. Yeye uniti hazijui. Lakini mtu anayenunua mchele kwa kilo na kuuza kitumbua kimojakimoja anajua sana pale anapolipia asichokula. Na kuna kingine kinachomuumiza bila yeye kukijua: nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi ina bei yake nafuu. Yeye angekuwa na mita yake mwenyewe angeweza kuwa huko. Amefungwa kamba moja na friji lako, na televisheni za hao wengine, analipa bei ya wakubwa.

Kwa hiyo elfu tatu zile huzidai. Si kwa ajili ya uji. Hazikuwepo tangu mwanzo. Naomba hilo ulishike vizuri, kwa sababu ukimsamehe kwa ajili ya uji utakuwa umeulipia uji, na siku mkikorofishana, maana mtakorofishana, korido ni nyembamba, utajikuta unamwambia "nilikuachia elfu tatu zangu". Hapo ndipo masimango yanapozaliwa. Magomeni nilikuwa na jirani aliyenipa ndoo moja ya maji siku mabomba yalipokauka na mwanangu ana homa. Ndoo moja. Aliikumbusha miaka sita. Kwenye harusi aliikumbusha, kwenye msiba aliikumbusha, siku nahama alisimama mlangoni akasema, "Haya nenda, ila maji yangu ulikunywa." Hakudanganya, nilikunywa kweli. Na mpaka leo nikisikia ndoo inaburutwa moyo unanishtuka.

Mpime huyo mwanamke wangu wa ndoo na Mama Vitumbua wako. Huyu amekufulia matapishi, amekuona uchi na huna hata mate, angeweza kukusimanga mpaka uhame. Ulipofungua mdomo kumshukuru akakufunga palepale kwa mzaha. "Ukifa nani atanunua umeme?" Mwanangu, soma tena hayo maneno. Hilo ni jibu la mtu anayekataa kukugeuza mdeni wake. Na humo ndani, kwa lugha yake ya kukaangia, ameitaja ile kazi yako ya kwenye kiti cha plastiki ambayo unalalamika hakuna aliyewahi kuitaja. Wewe asante uliyoingoja mwaka mzima umepewa siku hiyohiyo uliyokuwa unatoa yako. Ilikuja imevaa vibaya, ukaipita.

Ndiyo maana nilianza na pole. Watu wengi huja kwangu wanalia na asante. Nyumbani kwetu ukirudi shambani hukuambiwa asante, uliambiwa pole na kazi, na ukiambiwa hivyo na mtu anayekutazama usoni, mzigo ulishuka kabla hujautua. Uganda wana gyebale. Unamkuta mtu analima au anafua, humjui, unamwambia gyebale, umeipongeza kazi yake na umeshasalimia. Asante huja baada ya kupewa kitu. Pole na kazi humfikia mtu jembe likiwa bado mkononi. Mama Vitumbua yuko kwenye jiko la mkaa saa tisa usiku na macho yamejaa moshi, mwenzake ni ile taa mnayomhesabia. Ni nani humo ndani amewahi kufungua dirisha akamwambia pole na kazi? Anza wewe. Usikae kuzungumza, ana mafuta motoni. Sema hivyo, rudi ulale. Na shikamoo yake mrudishie nzima.

La chumba cha tatu. Huyo ana haki ya kuuliza, na wa kumjibu ni wewe, tena mbele ya wote, tarehe 1 ijayo au Jumapili watu wakiwa uani. Usimtaje Mama Vitumbua hata kwa nukta. Jitaje wewe. "Nimepima, friji langu linakula hiki, kwa hiyo kuanzia mwezi huu natoa kiasi hiki." Ukianza na lako, mwenye televisheni kubwa atajikuna kichwa bila kuambiwa. Wenye taa na simu tu watoe Sh2,000, wenye feni na televisheni wapande, wewe na mwenye friji mwingine kama yupo mjitenge juu kabisa. Utaumia mfukoni, najua. Lakini piga hesabu ya barafu upya: kama kwa Sh100 haikulipi ukishalipia umeme wake wote, basi faida uliyokuwa ukiiona ilikuwa ikitoka kwenye vyumba vya wenzako. Pandisha bei, au badilisha mpira wa mlango kwanza, ni rahisi kuliko kupandisha bei kwa watoto wa shule.

Mkiwa na uwezo, kila chumba kifungiwe mita ndogo na fundi umeme wa kweli, mwenye nyumba akiridhia. Na mkimpata huyo mwenye nyumba mkumbusheni kingine: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, kwa nyumba ya kawaida sasa ni Sh1,500 kwa mwezi. Hiyo ni kodi yake, si yenu. Aipunguze kwenye kodi ya pango.

Daftari lizunguke. Miezi miwili miwili, chumba kwa chumba. Wakishapanda kwenye kile kiti wote, zile kelele za "Eeeeh" zitabadilika sauti.

Nirudi kwenye kanga, maana hapo nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza nani ameandika. Umefanya kosa la wengi: unanunua rangi, unasahau kwamba kanga ina mdomo. Nimeshaona wake wenza walioanza vita kwa jina la kanga, na aliyeinunua alipenda tu maua. Lakini hii yako haina ubaya unaouogopa. Ukimpa doti nzima, imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni, ni malipo, na atakurudishia kwa ulimi wake ule. Fanya hivi. Chukua mkasi, ikate doti katikati, pindo zote mbili ushone mwenyewe kwa mkono. Kimoja jifunge wewe, toka nacho uani asubuhi wakati anahesabu vitumbua. Cha pili mpelekee mkononi, useme, "Mama, nimegawa doti, hiki chako." Mwanamke wa Kiswahili anajua maana ya kugawana doti, hahitaji kuelezwa. Wote wawili mtakuwa mmeandikwa maneno yaleyale mgongoni, sasa nani atakuwa anamwambia nani nenda zake?

Atasema tu neno. Huyo hawezi kukaa kimya. Pengine atakuuliza hela ya kanga umeitoa wapi na umeme uko uniti nne. Mwambie ni ya barafu.

Niandikie unieleze alianza kusoma upande gani.

Mamkubwa